Mgando kwa mtoto anayetumia antibayotiki: bakteria rafiki wanafika tumboni wakiwa hai kweli?

mama_wa_ipagala

Habarini za jioni wadau. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya maziwa na tumbo, maana hapa nyumbani tumebishana tangu mchana na kila mtu ana lake.

Iko hivi, kijana wangu ana miaka minne, aliumwa sikio tukaenda kituo cha afya akaandikiwa amoksilini ya maji. Sikio limetulia ila sasa tumbo ndo limeanza, choo kimelegea na anaenda mara kwa mara, sio maji matupu ila sio kawaida yake, na tumbo linaunguruma hadi ukikaa pembeni yake unalisikia. Anacheza, anakula, homa hana. Bibi yake, yani mama mkwe wangu, yuko hapa kwangu katokea Kondoa, anasema mpe mgando tu, wanae wote kawalea hivo. Wifi yangu anauza duka la dawa mjini, yeye anasema achana na mgando, kuna vidonge vya probayotiki, bakteria wale wale ila wamehesabiwa. Baba watoto naye kasema maziwa ya aina yoyote kwa mtu anayeharisha ni kumuongezea, asipewe kabisa. Sasa mimi ndo nimesimama na bakuli mkononi sijui nimsikilize nani.

Alafu kuna langu mwenyewe. Nikinywa maziwa freshi hata kikombe kimoja tumbo linajaa gesi, nalala vibaya, lakini mgando nakula bakuli zima na ugali wa uwele na wala sisikii kitu. Maziwa ni yale yale ya kaka wa baiskeli anayetoka Nala asubuhi. Kwanini yakiwa freshi yananikataa na yakiganda yananikubali? Na hawa bakteria wanaosemwa, tumbo si lina asidi, wanapitaje hapo wasife? Nisaidieni jamani na mnieleze taratibu, mi sio mtu wa sayansi.

---

babu_makole

Pole mama. Kabla hata ya mgando, dozi usiikatishe bila kumuuliza aliyemwandikia. Mtoto akilegea choo kwa antibayotiki, cha kwanza ni maji, mpe ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya pakti, kidogo kidogo, na kituo watakupa zinki, kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14. Ukiona damu kwenye choo, macho yanadidimia, hakojoi, anatapika kila kitu au amelegea hataki kucheza, hapo usisubiri jibu la humu, beba mtoto nenda.

---

lishe_na_maabara

Dada swali lako ni zuri sana na limebeba mambo matatu kwa pamoja, ngoja niyachambue, nitaandika kirefu kidogo nivumilie.

Naanza na lako wewe la gesi kwasababu hilo ndo lina ushahidi mnene kuliko yote. Maziwa yana sukari yake inaitwa laktosi, karibu asilimia 5 ya maziwa ya ng'ombe. Sukari hii haiwezi kupita ukuta wa utumbo ikiwa nzima, lazima ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kinaitwa laktasi. Mtoto mchanga anacho kingi, lakini kwa watu wengi duniani, hasa sisi Waafrika na watu wa Asia, kinapungua kadri unavyokua baada ya kuacha kunyonya. Ukinywa freshi, laktosi inateremka nzima nzima mpaka utumbo mpana, bakteria waliopo kule wanaifanyia karamu, wanatoa gesi, na maji yanavutwa kuingia utumboni. Ndo hiyo miungurumo yako. Sio ugonjwa, na sio kwamba maziwa ya kaka wa Nala ni mabaya.

Wapo watu wasiopungukiwa hicho kimeng'enya mpaka uzeeni, na hapa kati kwetu hili jambo lina historia ya kuvutia mno. Mwaka 2007 timu ya mtafiti Sarah Tishkoff ilitoa kazi iliyopima watu wa makabila mengi ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta wafugaji wa huku wana badiliko lao la kijenetiki linalowaacha wanywe maziwa ukubwani, tofauti kabisa na lile la Wazungu, na limeenea ndani ya miaka elfu 7 hivi iliyopita, yani tangu ng'ombe waingie huku. Kwahiyo kwenye nyumba moja Dodoma unaweza ukawa na baba anayekunywa lita nzima freshi na mama anayeumia na kikombe, wote wazima.

Sasa mgando. Bakteria wanaogandisha wanakula sehemu ya hiyo laktosi na kuigeuza asidi ya laktiki, ndo ule uchachu. Lakini haiishi yote, mgando bado unabaki na laktosi nyingi tu, kwahiyo hiyo peke yake haielezi kwanini hauumwi. Kinachofanya kazi zaidi ni kwamba bakteria wenyewe wamebeba kimeng'enya cha kukata laktosi ndani ya miili yao. Wanapita kwenye asidi ya tumbo wakiwa wamefungwa ndani ya maziwa mazito, wanafika utumbo mwembamba, nyongo inawapasua, kimeng'enya kinamwagika pale pale ambapo wewe umepungukiwa. Yani hata wakifia hapo wameshakusaidia. Mgando ni mzito pia, unashuka polepole, kazi inapata muda. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ni wagumu kweli kukubali madai ya probayotiki, wamekataa mamia, lakini hili la yogati kusaidia kusaga laktosi walilikubali mwaka 2010, kwa sharti kwamba yogati iwe na bakteria hai angalau milioni 100 kwa kila gramu. Kwahiyo ulichogundua mwenyewe na bakuli lako kimepimwa maabara na ni kweli.

La pili, wifi yako na vidonge. Kusema "bakteria wale wale" hapo nampinga kwa heshima. Probayotiki, kwa maana iliyowekwa na wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2001, ni vijidudu hai ambavyo ukivipata kwa kiasi cha kutosha vinakupa faida ya kiafya. Angalia, wawe hai, watoshe, na faida iwe imeonekana kwa watu sio kwa kudhania. Na faida inapimwa kwa aina mahsusi kabisa, mpaka ukoo wa bakteria mwenyewe. Kuna mmoja maarufu anaitwa Lactobacillus rhamnosus GG, hizo herufi mbili ni majina ya ukoo ya Gorbach na Goldin, waliompata kwenye utumbo wa mtu mwenye afya huko Marekani miaka ya 1980. Kilichothibitishwa kwa GG huwezi kukihamishia kwa binamu yake. Mgando wa nyumbani una mchanganyiko wa Laktobasili, Laktokokasi, Leukonostoki na hamira za asili, na kila nyumba ina wake. Yogati ya kiwandani kwa sheria za kimataifa inagandishwa na wawili wanaofanya kazi kwa kushirikiana, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Huyo bulgaricus alipatikana mwaka 1905 na kijana wa Kibulgaria Stamen Grigorov alipokuwa anasoma Geneva.

La tatu, mtoto. Kwa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki kuna mkusanyiko mkubwa wa tafiti za watoto uliochapishwa 2019, tafiti 33, watoto zaidi ya elfu sita. Waliopewa probayotiki walioharisha ni kama 8 kwa 100, wasiopewa ni kama 19 kwa 100. Hiyo ni tofauti ya maana. Ila wengi walipewa tangu mwanzo wa dozi ili kuzuia, na dozi iliyofanya vizuri ni kubwa, bakteria bilioni 5 au zaidi kwa siku, wa GG au wa hamira inayoitwa Saccharomyces boulardii. Hii hamira ina uzuri mmoja, sio bakteria, kwahiyo amoksilini haiigusi. Muulize wifi yako boksi lake limeandika jina gani kamili, na ukoo gani, na wangapi mpaka siku ya kuisha muda. Kama limeandika "probayotiki" tu basi hata yeye hajui anauza nini.

Kwa mgando wa bibi ushahidi wa aina hiyo haupo, lakini kwa mtoto wa miaka minne anayekula vizuri hauna ubaya, ni chakula kizuri, protini, kalsiamu, na ni mwepesi tumboni kuliko freshi. Baba watoto yuko sahihi nusu, maziwa freshi mengi kipindi cha kuharisha yanaweza kuongeza kwasababu utumbo ukichoka laktasi inashuka kwa muda, ila kumnyima mtoto chakula sio dawa. Mpe mgando kidogo kidogo, umpe mbali na dawa kama masaa mawili hivi ili antibayotiki isiwakute bakteria mlangoni.

---

mfugaji_bahi

Nimesoma maelezo ya hapo juu nimefurahi sana hasa hapo kwa wafugaji. Mi niko Bahi, sisi mgando ni wa kibuyu, hatuchemshi, unakamua asubuhi unamimina kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, unafunga, unakiacha kivulini, kesho kutwa unatikisa unatoa siagi na mengine unakula na ugali wa uwele. Hakuna ladha inafanana na ile, wa sufuria ni mtamu ila haujakomaa. Wazee wetu wamefika miaka mingi na hayo. Swali langu, ukichemsha si unaua hao bakteria wote wazuri mnaowasifia? Sasa faida inatoka wapi?

---

lishe_na_maabara

Kaka wa Bahi, unachosema ni kweli kwamba kuchemsha kunaua, na hapo ndo penye ugumu wote. Kunaua wazuri na wabaya kwa pamoja. Lakini wazuri unaweza kuwarudisha, wabaya hutaki kuwarudisha.

Wabaya ninaowaogopa ni wawili hasa. Kuna brusela, ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe na mbuzi, ambao kwa binadamu unaleta homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma miezi na miezi. Watu wanatibiwa malaria, wanatibiwa taifodi, wanarudi tena, na hakuna aliyewauliza kama wanakunywa maziwa mabichi. Na kuna kifua kikuu cha ng'ombe, Mycobacterium bovis, hiki kinapenda kushika matezi ya shingo na tumbo. Watu wanaamini uchachu unawaua hawa. Uchachu unawapunguza kadri siku zinavyokwenda, ila brusela anaweza kuishi siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyoganda, na mgando wa siku mbili bado ni mchanga. Moshi wa kibuyu nao unasaidia kuzuia vijidudu fulani na unatia ile harufu nzuri, lakini sio kinga ya brusela. Mama mjamzito, mtoto mdogo, mtu anayeishi na VVU, hawa wasiguse maziwa mabichi hata yakiwa yameganda.

Habari njema ni kwamba kibuyu chako hakipotezi kazi. Bakteria wa kugandisha wamejificha kwenye vitundu vya ukuta wa kibuyu chenyewe. Chemsha maziwa yafure, yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo uyamimine kwenye kibuyu. Yataganda na ladha ya kibuyu itakuwepo. Ila hicho kibuyu kioshe kwa maji yaliyochemka, ukifukize upya, na usikichanganye tena na maziwa mabichi, kiwe cha maziwa yaliyochemshwa tu siku zote. Utaona mara ya kwanza yanachelewa kuganda, ongeza vijiko vichache vya mgando wa jirani anayechemsha.

---

mfugaji_bahi

Nimekuelewa mkuu. Nina mzee hapa homa zake hazieleweki, mgongo unamsumbua tangu mvua za mwanzo. Kesho nampeleka apimwe hiyo brusela.

---

lishe_na_maabara

Mpeleke kaka, na ukifika mwambie daktari wazi kwamba mnafuga na mnakunywa maziwa mabichi, usisubiri aulize. Matibabu yake ni antibayotiki mbili kwa pamoja kwa wiki sita, ndefu kweli lakini ukizimaliza unapona.

---

chachu_ya_mgando

Mi naongeza hapa. Mgando ni dawa kamili jamani, unatibu vidonda vya tumbo, fangasi, UTI, kisukari, presha. Jirani yangu aliacha vidonge vya vidonda akawa anakunywa mgando asubuhi kabla ya kula chochote na sasa yuko fresh. Kuna mwanasayansi Mrusi alipata Nobel kwa kugundua mgando unarefusha maisha.

---

babu_makole

Ndugu, hapo kwa vidonda naomba tusimame, maana watu wanaumia. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria Helicobacter pylori, waligundua Waaustralia wawili, Warren na Marshall, mwaka 1982, wakapewa Nobel 2005. Anatibiwa kwa dawa za kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili. Mgando peke yake haumuondoi. Maziwa yanatuliza moto kwa muda mfupi alafu tumbo linaitikia kwa kutoa asidi zaidi, ndo maana mtu anapata nafuu saa moja na baadae moto unarudi. Ambapo probayotiki zimeonekana kusaidia ni kumpunguzia mgonjwa kichefuchefu na kuharisha wakati anameza zile dawa, ili amalize dozi. Hiyo ni faida kubwa yenyewe, tusiifanye iwe uongo kwa kuiongezea. Jirani yako mwambie arudi akapime.

Na huyo Mrusi ni Ilya Mechnikov wa Taasisi ya Pasteur, Paris. Nobel yake ya 1908, aliyogawana na Paul Ehrlich, ilikuwa ya kinga ya mwili, jinsi chembe za damu zinavyomeza vijidudu. La maziwa machachu ya Wabulgaria na uzee lilikuwa wazo lake la pembeni, akawa anayanywa kila siku mwenyewe, akafariki 1916 ana miaka 71. Mtu mkubwa sana kwenye sayansi, na ndo aliyewafanya wengine waanze kuwatazama hawa bakteria kama rafiki, ila tuzo haikuwa ya mgando.

Kitu kingine watu hawakijui, kuna antibayotiki hazitakiwi kukutana na maziwa tumboni. Siprofloksasini, doksisaiklini na tetrasaiklini zinashikana na kalsiamu ya maziwa, dawa haiingii mwilini vizuri. Amoksilini ya mtoto wetu haina shida hiyo. Uliza duka la dawa kabla hujashushia kidonge na mgando.

---

yogati_area_d

Mimi nagandisha na kuuza yogati hapa Area D, niseme upande wa jikoni maana nimeona mmeongea sana ya maabara na mama wa Ipagala bado ana bakuli mkononi 🙂

Maziwa nachemsha kabisa, sio kupasha, nayaacha kwenye moto mdogo kama nusu saa huku nakoroga, hiyo inafanya yogati iwe nzito bila kuongeza unga wowote. Yakipoa mpaka kidole kinavumilia ila bado joto, nyuzi 42 mpaka 45 kama una kipimajoto, ndo naweka mbegu, yani yogati ya jana, vijiko viwili kwa lita. Ukiweka maziwa yakiwa ya moto sana umewaua, ukiweka yakiwa baridi wanalala. Kwenye hotipoti naifunga vizuri, masaa sita mpaka nane imekamata. Mgando wa kawaida hauhitaji joto hilo, ule ni wa joto la chumba tu, usiku mmoja mpaka siku nzima. Na Dodoma yetu mwezi wa sita na wa saba usiku unakuwa na baridi kweli, mgando unachelewa, watu wanadhani mbegu imekufa kumbe ni baridi, funga sufuria kwenye blanketi uweke mbali na dirisha. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndo kinyume, joto kali, ukichelewa kuutoa unakuwa mchachu mpaka maji ya njano yanajitenga juu. Yale maji sio uchafu, ni mazuri, koroga yarudi.

Lakini kuna jambo moja linaniuma na nataka wanaonunua maziwa ya baiskeli walijue. Kuna siku maziwa yanakataa kuganda. Mbegu nzuri, joto zuri, usafi upo, unaamka asubuhi yako vile vile maji maji, au yametengana yananuka. Kwa mzoefu hiyo ni dalili mojawapo kwamba ng'ombe alichomwa dawa. Ng'ombe akiugua kiwele anapigwa penisilini au oksitetrasaiklini, na maziwa yake yanatakiwa yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, lakini mfugaji anaona hasara anayachanganya na ya wengine. Ile dawa inabaki kwenye maziwa, kuchemsha hakuiondoi sana, na bakteria wa yogati hasa huyo thermophilus ni mwepesi sana kufa kwa penisilini hata ikiwa kidogo mno. Sasa fikiria unampa mwanao mgando umsaidie na antibayotiki na wenyewe una antibayotiki ndani. Mwenye aleji ya penisilini naye anaweza kudhurika, na usugu wa dawa ndo unajengeka hivo hivo kidogo kidogo mtaani.

Mimi sasa nanunua kwa wafugaji wachache ninaowajua, na tumekubaliana ng'ombe akichomwa wananiambia na siku hizo nawalipa kitu kidogo wasinipe ya huyo. Nyie wa majumbani mjaribu hivi, gandisha kikombe kimoja kwanza. Yakikataa na kila kitu kingine kiko sawa, usimpe mtoto, na mwambie muuzaji wazi wazi bila ugomvi, wengi wao wala hawajui.

Alafu nimependa hilo la aina za bakteria. Mwanza tangu 2004 kuna akina mama walianza kutengeneza yogati yao inaitwa Fiti, wakisaidiwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo cha Western cha Canada, wanaweka bakteria aliyefanyiwa utafiti, rhamnosus GR-1. Uganda nako kuna mbegu ya Yoba kwenye vipakti, yule ndani yake ni ndugu kabisa wa huyo GG wenu, hati miliki iliisha ndo wakaweza kumzalisha kwa bei ya watu wa kawaida. Natamani na sisi wa Dodoma tufike hapo, maziwa tunayo, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino kote wanafuga, kinachokosekana ni mbegu inayojulikana na mtu wa kupima.

---

mama_wa_ipagala

Jamani asanteni sana, nimesoma yote na mama mkwe nimemsomea kwa sauti, amefurahi hapo kwa kibuyu ila kwa wafugaji wa mabichi amenyamaza 😀. Mtoto nimempa ORS, na kikombe kidogo cha mgando jioni mbali na dawa, tumbo limepungua kelele. Kesho tunapita kituoni kuchukua zinki. Wifi kaangalia boksi, limeandikwa Saccharomyces boulardii na idadi ipo.

Nina mawili ya mwisho. Hawa bakteria wakishaingia wanabaki au ni kila siku uwape? Na mdogo wangu ana mtoto wa miezi saba, anauliza naye aanze kumpa mgando, na yeye huwa anauchanganya na asali ili mtoto aupende.

---

lishe_na_maabara

Safi, kama ni boulardii basi wifi ana kitu cha kueleweka, dozi ya mtoto mfuate mfamasia. Ila mtoto mwenye kinga dhaifu sana au aliyelazwa na mipira kwenye mishipa ya damu hapewi kiholela, wako hayuko huko.

Hawabaki. Wengi wanapita, ukiacha kula, ndani ya wiki moja mbili hawaonekani tena kwenye choo. Wenyeji wa utumbo ni wengine, ni matrilioni, na wana kazi zao. Na kuna utafiti wa Israeli wa 2018 ulionyesha watu waliomeza probayotiki nyingi za kopo baada ya antibayotiki, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko walioachwa bila kitu. Mwaka huo huo tafiti mbili kubwa, Marekani watoto 971 na Canada 886, zilikuta kwamba kwa watoto walioharisha kwa maambukizi ya tumbo probayotiki hazikuleta tofauti na kidonge tupu. Ndo maana nakwambia kwa antibayotiki ni jambo moja na kwa kuharisha kwingine ni jambo tofauti, usitumie boksi hilo kila mtoto akilegea choo. Wenyeji unawalisha kwa nyuzinyuzi, na hapo chakula chetu cha kati kiko juu sana, uwele, mtama usiokobolewa sana, choroko, kunde, mlenda. Wakila hizo wanatengeneza asidi inaitwa butireti, ndo chakula cha kuta za utumbo mpana. Ugali wa uwele na mgando kwenye sahani moja, hapo umewalisha wageni na wenyeji.

Mtoto wa miezi saba, ziwa la mama liendelee kuwa la kwanza, mpaka miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mama yana sukari maalum ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga, zimewekwa kwa ajili ya bakteria bifido wa tumboni kwake, huyo alionekana mara ya kwanza kwenye choo cha watoto wanaonyonya, mwaka 1899, na Henri Tissier huko huko Pasteur. Mgando au yogati ya maziwa yaliyochemshwa anaweza kuonjeshwa vijiko vichache kama sehemu ya chakula cha nyongeza, bila sukari. Lakini mwambie mdogo wako asali aiache kabisa mpaka mtoto avuke mwaka mmoja. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, kwa mkubwa hazifanyi kitu, kwa mtoto mchanga zinaota utumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Na kuichemsha asali jikoni hakuziui hizo mbegu. Akitaka utamu asage ndizi mbivu au papai achanganye.

---

mama_wa_ipagala

Nampigia sasa hivi kabla hajamlisha wa usiku.